Beki Aliyeshinda Marathoni

Sekunde 0.03. Huo ndio muda uliomtenganisha Alphonce Felix Simbu, mtoto wa Ikungi mkoani Singida, na Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari wa kumalizia marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha jijini Tokyo, Septemba 15, 2025. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Usiku uliotangulia, katika uwanja huohuo, Oblique Seville wa Jamaika alikuwa amemshinda mwenzake Kishane Thompson kwenye fainali ya mita 100 kwa sekunde 0.05. Mbio za chini ya sekunde 10 zikaamuliwa kwa pengo pana kuliko mbio za zaidi ya saa 2.

Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo. Kabla yake tulikuwa na fedha ya Christopher Isegwe, aliyoipata kwenye marathoni ya Helsinki mwaka 2005, na shaba ya Simbu mwenyewe ya London mwaka 2017. Vijiweni na redioni maelezo ya ushindi yakawa mepesi: Simbu ana mbio za mwisho, kaachia, kamaliza kazi. Maelezo hayo yana ukweli wake, ila yanaanza kuhesabu kilomita 42 zikiwa zimeshapita. Mtu hawezi kuachia akiba ambayo hakuiweka. Ukimfuatilia Simbu kuanzia Rio mpaka Tokyo, na ukaielewa kidogo kazi ya mwili katika mbio ndefu, unaanza kumwona kama mchezaji wa namna nyingine kabisa: beki.

Michezo ina tabia ya kuwadhulumu mabeki, kwa sababu kazi yao hupimwa kwa mambo ambayo hayakutokea. Wamarekani wenye besiboli yao waling'ang'ana na tatizo hili miaka mingi. Ozzie Smith, aliyelinda eneo la kati ya kituo cha pili na cha tatu akiwa na San Diego Padres na baadaye St. Louis Cardinals, alicheza kuanzia 1978 hadi 1996 na katika muda wote huo aliutoa mpira nje ya uwanja kwa gongo mara 28 tu. Wapo wapigaji wanaozidisha idadi hiyo kwa msimu mmoja. Hata hivyo alipewa Glovu ya Dhahabu, tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake, mara 13 mfululizo kuanzia 1980 hadi 1992, na mwaka 2002 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa la mchezo huo.

Hesabu yake ni hii. Mpira uliopigwa kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa unamfikia mlinzi aliye mita 40 hivi kutoka kwa mpigaji kwa takriban sekunde moja. Kutoka jicho kuona mpaka mguu kuanza kusogea, mfumo wa fahamu wa binadamu unahitaji karibu sekunde 0.2, na hakuna mazoezi yanayoweza kuufuta ucheleweshaji huo. Kwa hiyo moja ya tano ya muda imeshapotea kabla ya hatua ya kwanza. Mlinzi bora haushindi mpira kwa wepesi wa miguu peke yake. Anaushinda kwa mahali alipochagua kusimama, kwa kusoma bega la mpigaji na mkono wa mrushaji, kiasi kwamba mpira ukija tayari ameshapunguza umbali anaopaswa kukimbia. Ustadi wake mkubwa umefanyika kabla watazamaji hawajaanza kumtazama.

Marathoni ya ubingwa inafanana na hilo kuliko watu wanavyodhani. Kwenye mbio za kibiashara za miji mikubwa waandaaji hulipa wakimbiaji wa kuvuta kasi, na kazi ya mshindani ni kuwafuata mpaka watoke, kisha apambane na saa. Kwenye Olimpiki na Mashindano ya Dunia hakuna wa kuvuta. Kuna joto, kuna kona, na kuna watu 80 au 100 wanaotazamana. Muda hauna maana. Nafasi ndiyo mali. Na humo ndimo Simbu amejenga jina. Rio mwaka 2016 alikuwa wa tano kwa saa 2:11:15, siku ambayo Eliud Kipchoge alichukua dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. London mwaka 2017 alipata shaba. Marathoni ya Olimpiki ya Tokyo ilipohamishiwa Sapporo kukwepa joto, na joto likawafuata hukohuko mpaka wakimbiaji 30 hivi wakajitoa njiani, alimaliza wa saba. Birmingham mwaka 2022, Michezo ya Jumuiya ya Madola, fedha. Ukiitazama orodha hiyo haraka inaonekana ya mtu anayekaribia tu. Ukiitazama kwa jicho la beki, ni ya mtu ambaye wengine wanavunjika na yeye yupo.

Tuingie sasa ndani ya mwili, maana huko ndiko ulinzi unakofanyika.

Kukimbia kilomita moja kunagharimu takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wa mkimbiaji. Mtu wa kilo 56 atahitaji zaidi kidogo ya kilokalori 2,300 kufika mwisho wa marathoni. Mwili una ghala mbili za kuchukua nishati hiyo. Ya kwanza ni mafuta, na hata mkimbiaji aliyekonda kama fito ana mafuta ya kumpeleka mbali mno. Ya pili ni glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini, na ghala hii ni ndogo: kwa mtu aliyekula vizuri siku mbili tatu kabla ya mbio ni kama kilokalori 2,000. Mahesabu hayo yanaonyesha kwa nini kilomita ya 30 na kuendelea ndiyo kaburi la wengi. Ghala ya wanga inakaribia sakafu, misuli inalazimika kutegemea mafuta zaidi, na mafuta yanadai oksijeni nyingi zaidi kwa kiasi kilekile cha nishati. Mkimbiaji hapungui kasi kwa kupenda. Kile kinachoweza kuchomwa haraka kimekwisha.

Jambo ambalo mashabiki wengi hawalioni ni kwamba bei ya kasi haipandi kwa usawa. Ukikimbia mwendo wako wa kawaida, mafuta na wanga vinagawana kazi. Ukichomoka ghafla kumfukuza mtu aliyekata kundi, hata kwa mita 400 tu, mgawo unahamia upande wa wanga, na sehemu ya wanga huo inachomwa bila oksijeni ya kutosha, njia ambayo inatoa nishati kidogo sana kutoka kwenye kila gramu. Kwa hiyo wakimbiaji wawili wanaweza kufika kilomita ya 35 kwa muda uleule kabisa, mmoja akiwa amekwenda sawia na mwingine akiwa amechomoka na kupoa mara sita, na ghala zao zisifanane hata kidogo. Saa haitaonyesha tofauti. Itaonekana baadaye, mbele ya watu.

Beki wa marathoni, basi, ni yule anayekataa kulipa bei zisizo za lazima. Mwenzake akichomoka hamfuati palepale. Anaziba pengo polepole kwa kilomita moja au mbili. Kwenye kona anakaa ndani. Anakaa nyuma ya migongo ya wenzake pia, na hilo lina sayansi yake. Mwaka 1971 mwanafiziolojia Mwingereza Griffith Pugh alichapisha vipimo vya mkimbiaji ndani ya handaki la upepo. Kwa kasi ya mita 6 kwa sekunde, kukaa mita moja nyuma ya mwenzako kulipunguza matumizi ya oksijeni kwa zaidi ya asilimia 6. Kasi ya Simbu jijini Tokyo ilikuwa wastani wa mita 5.4 kwa sekunde, sawa na kilomita 19.5 kwa saa, hivyo faida yake ni ndogo kuliko hiyo, lakini ndogo inayozidishwa kwa saa 2 si ndogo tena. Pugh huyohuyo, kwa njia, ndiye aliyesaidia kupanga oksijeni na maji ya kunywa kwa msafara wa Everest wa mwaka 1953. Alikuwa mtu wa kuchunguza namna binadamu anavyopunguza hasara.

Kisha joto. Misuli ni mashine yenye upotevu mkubwa: robo tu ya nishati, au chini ya hapo, inageuka mwendo, na iliyobaki ni joto. Kwa mwendo wa marathoni ya ubingwa mwili wa mkimbiaji unazalisha joto la takriban wati 1,000. Ni sawa na kubeba pasi ya umeme iliyowashwa ndani ya tumbo kwa zaidi ya saa 2. Njia kuu ya kulitoa ni jasho, lakini jasho halipoozi kwa kutoka. Linapooza kwa kukauka juu ya ngozi. Kila lita inayokauka inaondoka na karibu kilokalori 580 za joto. Lita inayodondoka chini haiondoki na chochote cha maana, isipokuwa maji ambayo damu ilikuwa inayahitaji.

Tokyo mwezi Septemba ni mji wa jasho linalodondoka. Waandaaji waliiwahisha marathoni kwa nusu saa, ikaanza saa 1:30 asubuhi, na bado hewa ilikuwa nzito kwa unyevu. Ndiyo maana muda wa ushindi ulikuwa wa polepole. Miezi tisa nyuma, Desemba 2024 kule Valencia, katika baridi na barabara tambarare, Simbu alikuwa amekimbia kwa saa 2:04:38, muda wake bora hadi wakati huo. Dhahabu ya Tokyo ilikuja kwa muda mbaya kuliko huo kwa dakika 5 na sekunde 10. Baadhi ya waliopewa nafasi kubwa kabla ya mbio hawakufika hata uwanjani.

Hapa napenda kumaliza hadithi moja inayosimuliwa sana, kwamba Singida yenyewe ndiyo iliyomwandaa kwa joto la Tokyo. Jua la Singida ni kali, hilo halina ubishi, na mtu aliyewahi kusubiri basi la mchana pale Ikungi mwezi Oktoba hahitaji kuambiwa. Lakini ni jua la nchi kavu. Mkoa uko katika ukanda wa nusu jangwa wa katikati ya Tanzania, nchi ya mtama, uwele na alizeti, mvua yake ikiwa ya msimu mmoja na ya kubahatisha. Katika hewa kama hiyo jasho linakauka kabla hujaliona. Mwili unapoa vizuri, ila unaishiwa maji kimyakimya. Ni somo tofauti na la Tokyo. Kuzoea joto la unyevu kunataka kati ya siku 10 na 14 za mazoezi ndani ya joto lenyewe: majimaji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza mapema na linatoka likiwa na chumvi pungufu, moyo unapiga taratibu zaidi kwa mwendo uleule. Mazoea hayo hupotea baada ya wiki chache. Hayakai mwilini tangu utoto.

Na mwinuko je? Mji wa Singida uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa kwa kimo hicho ni pungufu kwa asilimia 16 hivi ukilinganisha na Dar es Salaam, kwa hiyo kila pumzi inabeba oksijeni pungufu kwa kiasi hicho. Figo zikihisi upungufu hutoa homoni ya erithropoietini, inayoagiza uboho wa mifupa uongeze chembe nyekundu za damu. Kimo cha Singida kinaugusa mfumo huo kwa kidole tu. Tafiti zilizoupa sifa mwinuko, hasa kazi ya Benjamin Levine na James Stray-Gundersen ya mwaka 1997, zilihusu wanariadha walioishi mita 2,500 na kushuka chini kwa mazoezi makali. Iten ya Kenya iko mita 2,400. Wakimbiaji wetu, Simbu miongoni mwao, kwa muda mrefu wamekwenda Arusha, mji ambao wenyewe haukizidi kimo cha Singida lakini una miteremko ya Mlima Meru inayokuwezesha kupanda juu zaidi asubuhi na kurudi. Arusha pia ina kitu ambacho kwa maoni yangu kina uzito kuliko hewa: watu wengine wa kukimbia nao. Beki hajifunzi kukaba akiwa peke yake uwanjani.

Kilichotoka Singida ni kile ambacho vijiji vingi vya Tanzania vinatoa bure: mtoto anayetembea kwenda kisimani, machungani na shuleni kwa miaka yote ya kukua kwake. Mifupa inakomaa ikizoea kugonga ardhi, kano za kisigino zinakomaa, moyo unapanuka. Huo ni msingi. Nchi imejaa misingi ya aina hiyo ambayo haijawahi kujengewa nyumba, na katika miaka ya karibuni aliyeijengea kwa uthabiti zaidi ni jeshi. Simbu ni askari wa JWTZ, kama alivyokuwa Juma Ikangaa, mshindi wa marathoni ya New York mwaka 1989 na mtu aliyekuwa wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990.

Ikangaa anastahili kusimama hapa kidogo, kwa sababu alikuwa kinyume cha Simbu. Alikuwa mshambuliaji. Alitoka mbele tangu mwanzo, akalivuta kundi, akalichana, na mara nyingi mtu mmoja aliyejificha nyuma yake akampita kilomita za mwisho. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda Boston kwa sekunde moja. Tulimpenda Ikangaa kwa ujasiri huo, na haki tulikuwa nayo, lakini kwa lugha ya Pugh alikuwa akiwalipia wenzake upepo.

Simbu naye ameshaonja sekunde za uchungu. London mwaka 2017 alimaliza sekunde 2 tu nyuma ya Tamirat Tola wa Ethiopia aliyekuwa anakufa njiani. Barabara ingekuwa na mita 50 zaidi, pengine shaba ingekuwa fedha. Boston, Aprili 2025, akiwa na miaka 33, alikuwa wa pili nyuma ya John Korir wa Kenya kwa saa 2:05:04, na Cybrian Kotut aliyeshika nafasi ya tatu akaandikiwa muda huohuo hadi sekunde. Miezi mitano baadaye ikaja Tokyo, na kwa mara ya pili mfululizo akawa anagombea nafasi na mtu ndani ya sekunde moja.

Kasi hiyo ya mwisho inatoka wapi kwa mtu ambaye ghala yake inapaswa kuwa tupu? Archibald Hill, Mwingereza aliyeshinda Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922, alifikiri uchovu unatokea misulini: oksijeni haitoshi, misuli inagoma. Miaka mingi baadaye Tim Noakes wa Afrika Kusini aliuliza swali la kuudhi. Kama misuli imegoma, kwa nini karibu kila mkimbiaji huongeza kasi anapouona mstari? Jibu lake ni kwamba ubongo ndio unaopunguza matumizi mapema, ukiweka kando akiba ya kulinda moyo na joto la mwili, na kuilegeza pale tu unapokuwa na hakika kwamba mwisho umefika. Wanasayansi hawajakubaliana na Noakes katika kila kitu, na ubishi ni mkali. Lakini kwamba ubongo unahesabu umbali uliobaki na kugawa nguvu kwa hesabu hiyo, wachache wanakataa. Ndani ya misuli, nyuzi za haraka ambazo zilikuwa zimepumzishwa njia nzima zinaitwa kazini, na zinafanya kazi bila kungoja oksijeni. Haziwezi kudumu. Hazihitaji kudumu.

Uwanjani Tokyo waliingia watatu: Iliass Aouani wa Italia, Petros na Simbu. Petros aliachia kwanza, akaonekana ameshachukua. Simbu alimfikia kwenye hatua za mwisho kabisa, na Mjerumani akajitupa mbele kuuwahi mstari. Macho ya watu hayakuweza kuamua.

Kamera iliyoamua haipigi picha kwa namna ya simu ya mkononi. Inatazama ufa mwembamba tu, ulio juu ya mstari wa kumalizia, na kuuandika maelfu ya mara kwa sekunde, kisha inavipanga vipande hivyo ubavu kwa ubavu. Katika picha hiyo kushoto na kulia si mahali. Ni mapema na baadaye. Kinachohesabiwa ni kiwiliwili. Kichwa, shingo, mikono na miguu havina thamani hata vikitangulia. Kujitupa kunasaidia kifua kutangulia kwa sentimita kadhaa, lakini mguu ukishaachana na ardhi hakuna tena cha kukusukuma, hivyo anayejitupa mapema analipia. Kwa mwendo wa mita 6 au 7 kwa sekunde, 0.03 ni umbali wa sentimita 20 hivi. Matokeo ya mbio za barabarani huandikwa kwa sekunde kamili, na sehemu yoyote ya sekunde hupandishwa juu. Ndiyo maana kwenye vitabu wawili hawa wana muda mmoja na medali mbili.

Rekodi ya taifa siku ile, hata hivyo, haikuwa ya bingwa wa dunia. Ilikuwa ya Gabriel Geay, aliyekimbia kwa saa 2:03:00 Valencia Desemba 2022 na kuwa wa pili nyuma ya Kelvin Kiptum. Simbu alikuwa nyuma yake kwa dakika 1 na sekunde 38, na Valencia ndiyo barabara ileile aliyopatia yeye muda wake bora wa wakati huo. Barabara ya namna hiyo, yenye baridi, wavuta kasi na tambarare mwanzo mwisho, inamtaka mtu ashambulie saa kuanzia kilomita ya kwanza, na huko mabeki hupata taabu.